Kaizari Amerudi Mnadani

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, kando ya soko la samaki, kikundi kimoja cha maigizo cha hapa Bagamoyo kilimuua Kaizari. Ni mara ya pili wanamuua palepale. Mara ya kwanza ilikuwa miaka sita nyuma, nami nilikuwepo, nimesimama kwa sababu viti vilikwisha. Safari hii nilipata kiti, na jirani yangu alikuwa mama mkaanga samaki aliyekuja moja kwa moja kutoka kwenye karai, mikono bado inang'aa mafuta.

Walipotangaza kwamba wanarudia mchezo uleule, maneno ya mjini yalikuwa mepesi. Wamekosa jipya. Wanatupashia kiporo. Rafiki yangu mmoja, mtu wa sanaa kabisa, alikataa kuja. "Ule si nilishauona?" akasema, kana kwamba mchezo ni tangazo la msiba, ukishalisikia mara moja basi. Nataka kumjibu, maana nadhani kosa lake ni letu sote. Halafu mtu wa pwani anayedharau kiporo namshangaa kidogo. Mchuzi wa samaki wa jana anaujua.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: walichukua Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, wakaihamisha Roma ikawa mwambao. Kaizari ni mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi, amerudi safari na boti mpya na sifa zinazotisha. Cassius, kinara wa njama ya kumuua, ana mashua mbili zinazovuja. Brutus, anayevutwa naye kwenye njama hiyo, ni mtu wa heshima, yule anayewekwa kwenye kila kamati ili kamati ionekane safi. Na Antony, rafiki wa Kaizari anayehutubia mazikoni, hapa ndipo ilipolala akili ya kazi nzima, ni dalali wa mnada wa samaki.

Aliyewahi kusimama soko lile mashua zinapoingia hahitaji maelezo. Dalali anashika nguru kwa mkia, anamwinua, anataja bei, na ndani ya dakika moja watu wazima waliokuja kununua vibua vya mboga wanapandiana bei kwa samaki ambaye hawakumpangia. Hasemi uongo. Anauliza tu: nani zaidi? Sasa mpe mtu huyo maiti ya Kaizari na kanzu yenye matundu. Miaka sita iliyopita Antony alipanda juu ya kreti, akainua kanzu ya marehemu kama anavyoinua nguru, akatia kidole kwenye tundu moja baada ya jingine: hili la Casca, hili la Cassius, hili, jamani, la Brutus. Kisha akaanza kunadi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na kwa miezi kadhaa watoto wa mitaa ya huku walikuwa wakinadi mashati ya wenzao.

Lilikuwa onyesho zuri, na baada ya kicheko kile mchezo ulikuwa umekwisha ingawa ulibaki nusu. Vita vya Filipi, vile vya mwishoni ambako Brutus na Cassius wanashindwa, vilipiganwa kwa makasia ya ngalawa, kwa muda mrefu, huku watu wakichomoka mmojammoja kwenda kuswali magharibi na wasirudi. Mwishoni wakapiga mdundiko tukaenda nyumbani. (Mtaalamu mmoja alilalamika wakati ule kwamba ngoma mwishoni mwa tanzia ni ushamba. Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi, aliutazama mchezo wa Kaizari jijini London tarehe 21 Septemba 1599, kwenye jumba lililoezekwa nyasi, akaandika kwamba ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma kwa ustadi mkubwa. Mapaa ya nyasi na ngoma mwishoni. Sisi ndio tulio karibu na asili, siyo mtaalamu.)

Sasa safari hii.

Brutus alipokuja kuhutubia mazikoni alikuja na karatasi. Alisimama mbele ya maikrofoni iliyokuwa haifanyi kazi, akaigonga mara mbili, akasema, "Itifaki imezingatiwa." Kicheko. Kisha akasoma. Alieleza kwa mpangilio kwa nini ilibidi Kaizari afe: alimpenda, lakini aliupenda mji zaidi. Hoja zilikamilika kila moja. Tulipiga makofi ya adabu, yale ya mkutano wa hadhara, na hakuna aliyesogea hata hatua moja. Waliousoma mchezo watakumbuka kwamba Shakespeare naye alimpa Brutus hotuba ya nathari pale, na Antony akampa mashairi. Mara ya kwanza kikundi kiliwapa wote wawili sauti ileile ya kughani, tofauti ikapotea. Safari hii wameisikia, na wameiweka kwa lugha tunayoijua sote: mmoja ni mgeni rasmi, mwingine ni dalali.

Dalali akaingia. Kanzu, matundu, kicheko, yote kama zamani, na nikaanza kumwamini yule rafiki yangu wa kiporo. Halafu ikafika zamu ya wosia. Katika mchezo wa asili Kaizari amemwachia kila Mrumi drakma 75 pamoja na bustani zake za matembezi. Miaka sita iliyopita Antony alitaja tu kiasi cha shilingi, watu wakashangilia. Safari hii alitoa kaunta buku lenye jalada gumu, lile la wenye maduka ya rejareja, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Andika jina na namba ya simu," akasema. "Marehemu hakuacha mtu. Pesa itaingia kabla ya Ijumaa."

Daftari likaanza kupita. Nataka mwelewe kwamba sote tulijua ni mchezo, na tuliandika. Vijana waliandika wakicheka. Mzee mmoja mwenye baraghashia aliomba asomewe namba yake kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Mama mkaanga samaki alifuta mikono kwenye kanga, akaandika taratibu, jina lake na la baba yake, akanipa mimi. Mimi niliandika jina. Kwenye namba nilikosea tarakimu moja kwa makusudi, nikajiona mjanja.

Mdundiko ukaanza hapo, siyo mwishoni. Na mdundiko mnaujua: ukipita mtaani unakuchukua, mtu anaondoka mlangoni kwake na ndala, anazinduka yuko mtaa asioujua. Ngoma ikamzunguka mtu mmoja aliyekuwa akipita na mkoba. Walioinuka kumzunguka walitoka katikati yetu, waigizaji waliokuwa wameketi nasi tangu mwanzo wakinadi na kucheka kama sisi. Jina lako nani? Cinna. Cinna! Ni mmoja wa wauaji! Hapana, jamani, mimi ni Cinna mshairi, naghani harusini, mnanijua. Basi, akasema mmoja, auawe kwa mashairi yake mabaya. Baadhi yetu tulicheka, kwa sababu ni mzaha mzuri, na ni wa Shakespeare mwenyewe. Kisha mtu mmoja nyuma akapiga kelele neno moja, "Mwizi!", ambalo halimo katika mchezo wa Shakespeare wala katika tafsiri ya Mwalimu. Sijui kama aliyelisema alikuwa mwigizaji. Ninachojua ni kwamba kila mtu pale amewahi kulisikia neno hilo likipigwa mtaani, na anajua kinachofuata.

Onyesho hilo la Cinna mara ya kwanza hawakulicheza. Lilikatwa. Lile linalofuata nalo lilikatwa: Antony na wenzake wawili katika utawala mpya, Octavius na Lepidus, wameketi mezani wanatia alama majina ya watakaouawa, na Antony, papo hapo, anamtuma Lepidus akaulete ule wosia ili waone namna ya kupunguza walichoahidiwa watu. Mistari michache tu, na ndiyo mikavu kuliko yote katika mchezo mzima. Safari hii waliweka meza, wakaketi watatu, na juu ya meza wakaweka lile kaunta buku letu.

Antony akalifungua. Akalamba kidole, akageuza ukurasa, akaanza kusoma majina. Majina ya kwanza tu, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayehesabu mafungu ya dagaa. Baada ya baadhi ya majina alitia alama. Hakuna aliyecheka. Nilisikia bahari. Mama aliyekuwa kando yangu alinivuta mkono wa shati. "Mwanangu," akanong'ona, "na mimi nimo mle."

Wazo la daftari lisingeweza kuzaliwa mara ya kwanza. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Siku mbili kabla nilikwenda kwenye mazoezi yao, nikamwomba mwelekezi anionyeshe andiko. Ni nakala iliyotolewa fotokopi, imeshonwa kwa uzi wa nyavu, kingo zimelainika kama noti ya zamani. Ina alama za aina mbili. Za penseli ni za miaka sita iliyopita, za wino mwekundu ni za sasa. Penye onyesho la Cinna penseli imepita mstari mrefu wa mshazari, pembeni imeandikwa: "ruka, inachelewesha." Wino mwekundu umeukata ule mstari na kuandika neno moja, "rudisha". Nilimuuliza dada yule kwa nini aliliruka. Akacheka. "Kaka, nilikuwa nimempata dalali," akasema. "Ukishampata dalali huoni kitu kingine."

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kikundi kinapoubuni upya mchezo mkongwe, mara ya kwanza huwa kimelewa wazo lake. Wazo linaamua nini kibaki na nini kiondoke, na kinachoondoka mara nyingi ni kile kisichoingia ndani ya wazo. Kinaporudi, ulevi umeisha. Sasa kina maadui wawili, mwandishi wa zamani na nafsi yake ya miaka sita nyuma, na huyu wa pili ndiye mgumu zaidi, maana alipigiwa makofi. Kwa hiyo anayekwenda kuutazama mchezo uliorudiwa asiulize kilichoongezwa. Atafute kilichorukwa mara ya kwanza, aone kama kimerudi.

Mwalimu mwenyewe ni shahidi mzuri. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963 ikiitwa Julius Caezar. Angeweza kuiacha. Alikuwa Rais, na hakuna ambaye angemwendea kumwambia kwamba mstari fulani umepinda. Lakini mwaka 1969 ikatoka tena, imerekebishwa, na jina lenyewe limetiwa Uswahili: Juliasi Kaizari. Miaka sita. Dada mwelekezi anaapa kwamba hakulijua hilo alipopanga kurudia, nami namwamini.

Fikirini pia kilichopita katikati ya miaka hiyo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na Rais akalazimika kujificha. Aprili mwaka huohuo ukaja Muungano. Februari 1967, Azimio la Arusha. Aliyetafsiri mchezo wa viongozi wanaochomana visu hakuwa bado ameonja uasi, na aliyeurekebisha alikuwa ameuonja. Sitaki kumsemea, na marekebisho mengi ya namna ile huwa ya lugha tu. Ila sidhani kama mtu anaweza kuisoma tena sura ya wale wenye visu, baada ya Januari ile, kwa macho yaleyale.

Na wanaosema kwamba kuweka dalali ndani ya Shakespeare ni kumvunjia heshima mfasiri, watazame alichokifanya mfasiri mwenyewe na ule mchezo mwingine wa mfanyabiashara wa Venisi. Neno "mfanyabiashara" alikuwa nalo. Akaandika Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio. Neno moja katika jina, na mchezo mzima umehamia Tanzania bila kubadilisha hata vazi. Mashairi nayo aliyatafsiri bila vina, miaka kadhaa kabla washairi wetu hawajaanza kutoleana macho kuhusu mashairi huru. Mtu wa aina hiyo sidhani kama angeshtushwa na kreti la samaki.

Kwa nini basi vikundi vyetu havirudii? Mji huu hauna upungufu wa wasanii. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu 2007 ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake linaleta watu kila mwaka. Ukumbi wake ulipoungua mwaka 2002, fedha za Uswidi zilisaidia kujenga mpya. Ukumbi unajengwa tena. Onyesho halijengwi hivyo, kwa sababu halikai kwenye matofali, linakaa kwenye miili ya watu wanane au kumi, na hao baada ya miezi mitatu wako Dar es Salaam wanatafuta nafasi kwenye tamthilia. (Neno lenyewe limeshahama. Mwambie kijana leo kwamba unakwenda kutazama tamthilia, atakuuliza inaonyeshwa chaneli gani.)

Pesa nazo zina tabia yake. Nyingi zinakuja na mada: maji safi, mikoko, ndoa za utotoni. Sina ugomvi na mada hizo, igizo la mikoko lililotengenezwa vizuri nimeliona na nikalipenda. Ugomvi wangu ni na tarehe ya kumalizika. Mradi ukifungwa, igizo linafungwa nalo, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa, mavazi yanaliwa na panya. Kikundi hiki kiliomba msaada wa kurudia Kaizari kwa mfadhili mmoja nisiyemtaja, kikajibiwa kwamba kazi iliyokwisha kufanyika haifadhiliwi. Kazi iliyokwisha kufanyika! Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka uleule wa 1969, tumeisoma madarasani, tumejibu maswali yake ya mtihani, tumekariri nani alisema nini na kwa nini. Ni wangapi kati yetu wameiona jukwaani mara mbili, kwa vikundi viwili tofauti, wakabishana njiani kurudi nyumbani Kinjeketile yupi alikuwa wa kweli? Tunazo tamthilia zinazoitwa za kale, zilizopata ukale huo kwenye mitihani bila kuwahi kurudiwa.

Sitaki mdhani kwamba kila kitu kilikuwa sawa Jumamosi. Portia, mke wa Brutus, amepunguzwa mpaka amebaki na mistari ya kuhesabu kwa vidole, na mwigizaji wake ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote. Kama wino mwekundu unarudisha vitu, ungemrudisha na yeye. Filipi bado ni ndefu. Makasia bado yapo, na bado kuna mahali kasia linampiga mtu kweli, anasema "aah" ambayo haimo kwenye andiko.

Lakini lawama yangu kubwa ni Brutus. Ile "itifaki imezingatiwa" inachekesha mno, na inamgharimu. Ukishamfanya mgeni rasmi, humsikilizi tena, na mchezo huu unahitaji tumsikilize, japo kwa dakika mbili tuamini kwamba huenda alikuwa sahihi. Vinginevyo lile jambo zito, kwamba mtu mwema aliua kwa sababu alizozifikiri usiku kucha, linapotea, tunabaki na somo la kuogopa madalali. Hilo tulikuwa nalo tayari. Katika maonyesho ya mara ya kwanza Brutus alikuwa mzito, wa kuchosha kidogo, na nilimwonea huruma. Huyu sikumwonea. Kikundi kimerudisha kilichorukwa na, katika kurudisha, kimeruka kingine. Labda ndiyo kazi ya mara ya tatu, na mimi nitakwenda, hata kama nitasimama.

Onyesho lilipokwisha giza lilikuwa limeingia na taa za simu zimewashwa. Hakukuwa na ngoma ya kutuondoa, kwa hiyo watu walibaki wamesimama, wakizungumza kwa sauti ndogo. Kijana mmoja alikuwa akikusanya vifaa, kreti, meza, visu vya kuparia vilivyokatwa makali. Yule mama alimfuata.

"Mwanangu, lile daftari liko wapi?"

"Hili hapa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nichanie ukurasa wangu."

Kijana akacheka. "Mama, ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo, nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Nichanie."

Kijana akamtazama mwelekezi, mwelekezi akaitikia kwa kichwa. Ukurasa ukachanwa, na majina ya watu wengine kumi na kitu yakaondoka nao. Mama akaukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mahali anapofungia pesa, akaenda zake upande wa barabara. Nyuma yake alikuwa amesimama yule mzee mwenye baraghashia. Nyuma ya mzee, vijana wawili. Nami, na ile namba yangu ya uongo, nikapanga foleni.